KENYA: KODI YA USHINDI NA HASARA YA MCHEZA KAMARI

Tarehe 1 Julai, 2025, nchi jirani ya Kenya ilianza kutumia sheria mpya ya fedha ambayo, pamoja na mambo mengine, ilibadili namna ya kumtoza kodi mcheza kamari. Badala ya asilimia 20 ya ushindi, sheria hiyo iliagiza akatwe asilimia 5 ya fedha anazotoa katika akaunti yake ya kamari. Mtu aweza kushangilia kuona ishirini imekuwa tano. Lakini kodi haipimwi kwa asilimia peke yake. Lazima kuuliza pia ni asilimia ya kitu gani.

Kanuni ya kodi ya mapato, katika Kenya kama katika nchi nyingine nyingi, ni kumtoza mfanya biashara kwa kile kilichobaki baada ya kuondoa gharama za kukipata. Mwenye duka huondoa kwanza bei ya mali aliyonunua. Je, dau la mcheza kamari nalo ni gharama ya namna hiyo?

Swali hilo lilizusha mvutano mkubwa mwaka 2019. Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilishikilia kwamba asilimia 20 ikatwe katika fedha zote anazolipwa mshindi, dau likiwamo. Maana yake ni hii: aliyeweka shilingi 1,000 akalipwa 1,200, alikatwa 240, akabakiwa na 960. Ameshinda mchezo, lakini ametoka na pungufu ya alizoingia nazo! Baadaye sheria ilikubali dau liondolewe kwanza, na mtu huyo akatozwa shilingi 40 tu. Hata hivyo, dau lililoondolewa lilikuwa la mchezo ule ule uliomletea ushindi. Hasara ya Jumamosi haikupunguza kodi ya Jumapili.

Sheria ya mwaka 2025 haikulijibu swali hilo, ililiweka kando. Mtu mwenye shilingi 1,000 katika akaunti yake ya kamari, akipoteza 400 na kutoa 600 zilizosalia, hukatwa 30, ingawa hakupata faida hata senti moja. Na hiyo ni mbali na ushuru wa asilimia 5 unaotozwa fedha zinapoingia katika akaunti.

Serikali yoyote inayofanya hivyo haikosi hoja. Kukusanya kodi mlangoni ni rahisi, na wacheza kamari wengi hawaweki hesabu ya kile walichopoteza. Tena, kama hasara ya kamari ingepunguzwa katika kodi, pengo hilo lingezibwa na mfanyakazi asiyecheza kabisa. Hata Marekani, ambako mchezaji aliruhusiwa kwa miaka mingi kuondoa hasara yake yote mradi isizidi ushindi wake, sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 ilishusha kiasi hicho hadi asilimia 90, kuanzia mwaka 2026.

Hata hivyo, haki inadai jambo hili lisemwe wazi. Kodi isiyouliza kama mtu amepata au amekosa haiwezi kuitwa kodi ya mapato kwa maana kamili ya neno hilo; ni kodi ya mlango, hulipwa na kila apitaye, aliyeshiba na mwenye njaa.

Askari wa nchi yoyote ni mtu wa mshahara. Kodi yake hukatwa kabla fedha hazijafika mkononi, na nchini Kenya hakuna mahali anapoweza kuandika kwamba sehemu ya mshahara huo ililiwa na kamari ili arudishiwe chochote. Kampuni ya kamari huondoa gharama zake: mishahara, pango na matangazo. Serikali nayo huchukua fungu lake, fedha zikiingia na zikitoka. Katika hesabu hiyo yote ni mmoja tu asiye na cha kuondoa, naye ni yule aliyeshika simu usiku, akitumaini kurudisha alichopoteza jana. Hasara yake ni yake peke yake, na ya watoto wanaosubiri ada ya shule.