Haibridi Iliyojizalia Msituni



Leo tumekuja na habari ya ua. Msicheke, jamani, mwisho wake unatuhusu. Haibridi sisi tunaijua. Mahindi yake yalianza kutolewa Kitale mwaka wa 1964, na hayo yalitengenezwa na watu. Lakini visiwani Ufilipino kuna haibridi ambayo msitu wenyewe uliizaa. Ni ua la jamii ya okidi, wataalamu huliita Phalaenopsis intermedia.

Mzazi mmoja ana maua makubwa meupe, mwingine ana madogo ya rangi ya waridi. Wote huishi juu ya miti. Hawaunyonyi mti, mizizi hushika gome tu na kunywa maji ya mvua. Mdudu akibeba chavua ya huyu akatua kwa yule, basi, mtoto wa ukubwa wa katikati.

Mwaka wa 1853 Mwingereza John Lindley alikisia kwamba ua hili ni chotara. Baadaye mtunza bustani John Seden alipaka chavua ya mzazi mmoja kwa mwingine kwa mkono wake. Mwaka wa 1886 likachanua ua lile lile. Miaka 33 ya kungoja jibu!

Sasa linatuhusu nini? Chotara huyu huzaliwa pale tu wazazi wote wawili wanapoishi jirani. Ukimaliza mmoja, mtoto haji tena. Tena mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula. Msituni zinangoja kuvu wa kuzilisha, ndipo ziote. Si kama sukuma wiki, unasia tu. Ufilipino iliweka sheria ya kulinda viumbe vya porini mwaka wa 2001.

Okidi ziko hata kwetu, juu ya miti mikubwa. Na sisi tulikosa. Tulizing'oa chache, tukazipanda kwa mikebe ya udongo ili tuuze. Mizizi ikakosa hewa, ikaoza, zote zikafa. Pesa hatukupata, na ule mti ukabaki mtupu.

Kwa hivyo tunawaomba: kikundi kikitaka biashara ya maua, kinunue miche iliyokuzwa kitaluni. Ya msituni tuiache. Na kabla ya kukata mti mzee, tuinue macho kwanza tuone ni nani anaishi huko juu.