Insha ya historia si mkutano wa hadhara

Leo nazungumza na wanafunzi wa sekondari, pamoja na wazazi wao wanaogharamia masomo ya jioni. Liko swali la historia lisilochuja: eleza chanzo na matokeo ya Vita vya Maji Maji. Wengi hulijibu hivi: "Mkoloni katili, dhalimu na mnyonyaji aliwaonea babu zetu mashujaa." Ukurasa unajaa, na msahihishaji hajaambiwa kitu. Alama zikipungua, kijana hunung'unika kwamba ameadhibiwa kwa uzalendo wake.

Hapana. Ameandika hotuba alipoombwa insha. Kwenye mkutano wa hadhara sauti ya msemaji husaidia hoja iliyo dhaifu. Karatasi haina sauti.

Sasa sikilizeni hii. Wakulima wa Umatumbi walilazimishwa na maakida kulima pamba kwa malipo duni. Julai 1905 wakaing'oa huko Nandete. Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjeketile Ngwale pale Mohoro. Baadaye jeshi lao likachoma vijiji na maghala ya chakula, njaa ikaingia. Neno "katili" halimo, na sidhani kama yupo aliyelihitaji.

Lakini wapo pia walimu wanaofundisha kwamba lugha rasmi ni lugha baridi. Basi mtoto anaandika: "Watu wengi walifariki." Walifariki kwa nini, kwa malaria? Kufariki, kuuawa, kunyongwa na kufa kwa njaa iliyoletwa na moto wa jeshi ni mambo tofauti. Anayeandika "walifariki" na kuishia hapo amemficha aliyewasha moto, hata kama hakukusudia. Ndivyo lilivyo hata neno "uasi". Hilo ni neno la bomani, la mtu aliyejiona mtawala halali. Mwanafunzi akitaka kulitumia, alitumie akijua ni la nani.

Kuhusu idadi, makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Andika "inakadiriwa". Wengine huliona neno hilo la woga. Mimi naliona la heshima kwa watu ambao hakuna aliyewahesabu.

Na hizo "babu zetu" ndizo zinazonisumbua zaidi. Zinapendeza masikioni, ila zinafuta nusu ya habari. Wamatumbi walipigana, Wangoni walipigana, lakini si makabila yote yaliyoingia vitani. Tena askari wengi waliobeba bunduki za Wajerumani walikuwa Waafrika. Hao nao wana wajukuu, na huenda mmoja wao amekaa dawati la mbele katika darasa hilo hilo. Mwanafunzi akiandika "Wangoni wa Songea" au "askari wa Kijerumani waliokuwa Waafrika", itambidi aeleze kwa nini hawa walikuwa upande huu na wale upande ule. Hapo ndipo insha inapoanza, na hapo ndipo wengi hukuta muda wa mtihani umekwisha.