Mgeni na Lugha ya Mwenyeji: Kutoka Kilwa hadi Madarasa ya Ujerumani

1. Utangulizi

Tarihi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasimulia kwamba wageni waliotoka Shirazi walipofika kisiwani walimkuta Mwislamu aitwaye Muriri. Mtawala wa kisiwa, aliyekuwa amekwenda bara kuwinda, aliporejea, Muriri ndiye aliyekuwa mkalimani baina yake na mkuu wa wageni. Bei ya kisiwa ikawa nguo za kukizunguka chote. Wanahistoria hubishana kuhusu ukweli wa kisa hiki. Kwa mwanaisimu, jambo la maana ni kwamba msimulizi hakuona namna ya kufikia makubaliano bila mtu wa kuziunganisha lugha mbili.

Hapo ndipo linapozuka swali la mhadhara huu: mgeni na mwenyeji wakutanapo, wajibu wa lugha ni wa nani? Hoja itakayotetewa ni kwamba sheria inaweza kumpeleka mgeni darasani, lakini haiwezi kumfanya mwenyeji azungumze naye. Na bila mazungumzo hayo darasa hubaki nusu.

2. Kiswahili kilichofundishwa Berlin

Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka 1887. Humo maofisa walifundishwa Kiswahili kabla ya kuja pwani, na miongoni mwa waliowafundisha alikuwamo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1900. Wakati ule, basi, mgeni aliyeketi darasani kabla ya safari alikuwa Mjerumani.

Hata hivyo, lengo la masomo yale lilikuwa utawala. Ujuzi wa Kiswahili haukuzuia kunyongwa kwa Hassan bin Omari Makunganya huko Kilwa mwaka 1895. Wala haukuwafanya watawala wayajali manung'uniko ya Wamatumbi juu ya kulimishwa pamba kwa nguvu, hadi miche ilipong'olewa Nandete mwezi Julai 1905 na Vita vya Majimaji vikaanza. Mtu aweza kuijua lugha ya kuamrisha asiijue ya kusikiliza.

3. Madarasa ya lazima

Leo njia imegeuka. Uholanzi ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wahamiaji wapya kusoma mwaka 1998. Ujerumani ilifuata mwaka 2005 kwa kozi yenye vipindi 600 vya lugha na 30 vya sheria, historia na utamaduni. Kufikia mwaka 2016 vipindi hivyo vya pili vilikuwa vimeongezwa hadi 100. Aliyeamriwa kuhudhuria akakosa bila sababu anaweza kupunguziwa msaada wa serikali, au kukwama aombapo kuongezewa muda wa kukaa. Aidha, tangu mwaka 2007 mtu anayemfuata mwenzi wake wa ndoa huko hutakiwa, isipokuwa kwa walioruhusiwa vinginevyo, kuonyesha ujuzi wa awali wa Kijerumani kabla ya kupewa viza.

Tumchukue mzaliwa wa Lindi aingiaye katika darasa hilo. Neno "shule" analo tayari. Kiswahili kililipata kwa Wajerumani wenyewe. Ngeli amezizoea, lakini katika "kitabu kimoja kimepotea" kiambishi humwonyesha njia, ilhali nomino ya Kijerumani mara nyingi haidokezi jinsia yake. "Yeye" yake haibagui mume na mke. Sasa hana budi kubagua kila asemapo. Heshima kwa mkubwa huionyesha kwa "shikamoo", kisha humwita "wewe" bila kosa. Kijerumani kinamtaka achague kati ya "du" na "Sie". Kanuni hizi hufundishika. Lini atumie "du", na kwa nani, hulijua kwa majirani na wenzake wa kazini. Sheria imemhesabia vipindi vyake vyote, lakini haikumtaka jirani yake hata nusu saa.

4. Hitimisho

Isidhaniwe kwamba lawama ni ya Ulaya peke yake. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtaka mgeni anayeomba uraia wa kuandikishwa awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. Neno "au" lina uzito mkubwa. Kwa neno hilo, mtu anaweza kuwa raia, akajenga Lindi au Kilwa Masoko, asiweze kuitika salamu ya mvuvi anayemuuzia samaki. Neno "kutosha" nalo linahitaji kipimo. Kutosha kwa lipi: kujaza fomu, kununua sokoni, au kushiriki mazishi ya jirani?

Hili ni jukumu la idara za Kiswahili: kueleza ni Kiswahili gani kinamtosha raia mpya, na kuandaa masomo ambayo wenyeji wenyewe wamo ndani yake kama wazungumzaji, si mifano ya kitabuni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayempa jembe hana budi kumwonyesha shamba, na kulima pamoja naye.