Mkristo na Mpiga Ramli
Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, waalimu na Wakristo wa Chato



Tumepewa kazi ya kusema habari ya Mkristo na uchawi. Jambo hili ni zito, maana hakuna aliyemo humu ambaye hajaketi matangani akasikia watu wakinong'ona, "Huyu hakufa kwa maradhi ya Mungu." Walakini hatukuja kubishana nanyi kama uchawi upo au haupo. Miongoni mwa Wakristo wako wasemao kuwa ni udanganyifu mtupu, na wako wasemao kuwa ni kazi ya Shetani. Nao husali katika kanisa moja. Swali letu ni dogo kuliko hilo: Mkristo apatwapo na msiba, au atamanipo mali, huenda kumwuliza nani?

Twawaomba mkumbuke jambo lililotokea katika wilaya yetu hii. Mwezi wa Februari mwaka 2015 watu wenye mapanga waliivamia nyumba moja, wakamjeruhi mama, wakamnyang'anya mtoto wake mwenye ualbino, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili. Baada ya siku chache mwili wa mtoto ulionekana porini, hauna mikono wala miguu. Habari hiyo ilienea duniani, na jina la Chato likaenda pamoja nayo.

Mauaji ya namna hii hayana mtu mmoja. Yana watu watatu. Yuko mwuaji, ashikaye panga. Yuko mpiga ramli, asemaye kwamba kiungo cha mwenye ualbino kitamwonyesha mtu dhahabu shimoni, au kitamjazia wavu samaki ziwani. Na yuko wa tatu, yule aliyekwenda kuuliza, fedha mkononi. Huyu hakushika panga. Pengine damu hakuiona. Pengine Jumapili aliimba pamoja nasi. Lakini kama yeye asingaliuliza, wale wawili wasingalikuwa na kazi. Soko halisimami pasipo mnunuzi.

Vikongwe wetu nao huuawa kwa njia iyo hiyo. Mtoto afa, au ng'ombe wafa. Jamaa wachukua kuku kwa mfumu. Kuku hupasuliwa, matumbo yake huangaliwa, kisha hutajwa mtu wa karibu. Mara nyingi ni bibi kizee mjane, asiye na wa kumtetea, mwenye shamba ambalo mwingine alitamani. Macho yake mekundu huwa ndiyo ushahidi. Lakini sisi tuliolelewa Usukumani twajua wekundu ule watoka wapi. Ni moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe, aliopikia miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, akitulisha sisi.

Waalimu nao wawafundishe watoto habari ya ualbino. Si laana, wala si mzimu, wala hakuna dhahabu ndani yake. Ni upungufu wa rangi ya mwili, ambao mtoto huurithi kwa baba na mama pia, hata kama wazazi wenyewe ni weusi kama sisi. Wazazi wote wawili wakiwa na urithi huo uliojificha, kila mtoto wanayemzaa huwa na bahati moja katika nne ya kuzaliwa hivyo. Ngozi yake huunguzwa na jua, na macho yake hayaoni mbali. Ahitaji kofia, nguo za mikono mirefu, na kiti cha mbele darasani.

Sasa tuitazame Biblia. Mfalme Sauli aliwafukuza wapiga ramli katika nchi yake. Lakini alipowaogopa Wafilisti akabadili mavazi, akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori. Mchana alikuwa mfalme wa Mungu, usiku mteja wa ramli. Ndugu zetu, je, hatumjui mtu wa namna hiyo? Tena huko Filipi, Paulo alipomtoa pepo wa uaguzi yule kijakazi, mabwana zake walikasirika kwa kuwa faida yao imekwisha. Na wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana Yesu alikataa kumtaja mtu. Alimponya mgonjwa. Kuuliza "ni nani aliyeleta?" ndilo swali la mfumu; Mkristo huuliza, "Twamsaidiaje huyu?"

Wala tusijidai kwamba sisi tulio wa dini tumekuwa safi siku zote. Huko Ulaya, tangu karne ya 15 hata ya 18, watu wapatao 40,000 hadi 60,000 waliuawa kwa kushutumiwa uchawi, wengi wao wanawake, na waliowaua walikuwa Wakristo waliobatizwa. Padre mmoja Mjerumani, Friedrich Spee, aliyewaungamisha waliohukumiwa, alitoa kitabu mwaka 1631 akionyesha kwamba mtu akiteswa atakiri neno lo lote. Basi mwanamke akikiri baada ya kupigwa, huo si ushahidi, hata kama waliompiga ni sungusungu. Na mhubiri amtajaye jirani kuwa mchawi mbele ya madhabahu hana tofauti na mfumu, ila hakupasua kuku.

Pengine mtasema, "Hiyo ni kazi ya Serikali." Serikali imefanya mengi. Sheria ya Uchawi ni ya mwaka 1928, na hata leo imo katika vitabu vya nchi; nayo yakataza kumtaja mwenzako kuwa mchawi. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta vibali vya waganga wa jadi. Septemba mwaka ule ule Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua kijana mwenye ualbino. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Na mwezi uliofuata ndipo mtoto yule wa Chato akachukuliwa. Sheria yaweza kumfunga mwuaji. Lakini haiwezi kuingia moyoni mwa mwulizaji. Kazi hiyo ni yetu.

Hatusemi kwamba kila mganga ni mbaya. Mwenye kujua mizizi na majani ya kutibu tumbo ana kazi njema, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 yamtambua. Alama ya kumtofautisha ni hii: mganga hukupa dawa ya ugonjwa wako, bali mpiga ramli hukupa jina la jirani yako.

Basi tuna shauri tatu. Kwanza, mtoto augupo, apelekwe hospitali siku ile ile, maana homa iliyochelewa ndiyo izaayo minong'ono. Pili, mjane akianza kutajwa, wazee na viongozi wa kijiji wasingoje usiku. Waende kwake mchana, waketi barazani pake, watu wote waone kwamba ana wenyewe. Tatu, mtu akikuomba fedha au kuku ili mkaulize, mkatalie, hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja. Na ukisikia bei ya kiungo cha mtu ikitajwa, enda polisi kabla jua halijachwa.

Huenda kabla ya mvua zijazo mmoja wetu atafiwa, na jamaa watakuja usiku kusema, "Twende tukaulize." Jibu lako usiku huo ndilo litakaloonyesha Ukristo wako, kuliko cheti chako cha ubatizo. Mungu atupe ujasiri wa kusema, "Siendi."