Tuipime Injini Kabla ya Kuifungua
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Shinyanga na Geita)



Msimu wa pamba haumsubiri mwenye gari bovu. Wakulima wakiwa wamekwisha kufikisha mazao yao mizanini, kisha gari la chama likalala njiani baina ya Katoro na Geita, anayeumia si dereva peke yake. Ni kila mwanachama. Kwa hiyo naomba leo tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja unaoyasumbua magari ya zamani ya petroli yenye kabureta, kama vile Land Rover za Series III zilizotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Malori ya dizeli hayamo katika maneno haya, kwani hayana kabureta wala plagi.

Ugonjwa wenyewe ni mchanganyiko hafifu. Maana yake, hewa imezidi na petroli imepungua. Ili iungue sawasawa, kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14 hadi 15 za hewa. Hewa ikizidi mno, moto ndani ya silinda huenda polepole, na huweza kuendelea kuwaka hata valvu inapofunguka. Hapo ndipo valvu zinapoungua.

Dalili zake ni hizi: gari husita linapokanyagwa mafuta, injini hupata joto kupita kawaida, na kabureta hutoa mlio kama wa mtu anayepiga chafya. Lakini plagi mbovu na moto dhaifu wa umeme nao huweza kuleta kusita kama huko. Basi hayo yakaguliwe kwanza. Kisha, injini ikiwa imepata moto, vuta choki kidogo. Injini nzima hulemewa; ile yenye njaa ya petroli hutulia na kupata nguvu.

Baada ya safari, zima injini, iache ipoe, kisha toa plagi zote na uzipange kwa utaratibu wa silinda zake. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli iliyozidi. Weupe kama majivu ni hewa iliyozidi. Plagi moja ikiwa nyeupe na nyingine njema, shuku hewa inayoingia karibu na silinda hiyo. Zikiwa nyeupe zote, tazama kabureta, gasketi iliyo chini yake, na njia ya petroli.

Swali la pili ni hili: kosa huonekana lini? Likionekana zaidi injini inapounguruma pasipo kukanyagwa mafuta, huenda hewa inapenya mahali. Washa injini ingali baridi, upake maji ya sabuni kwa brashi kwenye viungo baina ya kabureta na silinda, na kwenye mpira uendao kwenye breki, kama upo. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Kamwe usitumie petroli kwa kazi hii, itawasha moto.

Likionekana zaidi gari linapopanda mlima na mzigo, petroli haifiki ya kutosha. Fungua kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikivutwa ndani, kitundu chake cha kupumulia kimeziba. Kisha safisha chujio la petroli, ukague pampu, na mwisho usafishe jeti za kabureta.

Tusisingizie vumbi la kiangazi wala miinuko ya nchi yetu. Chujio la hewa likiziba kwa vumbi, petroli ndiyo huzidi. Na hapa kwetu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, wepesi wa hewa nao hufanya petroli izidi wala si ipungue. Tusikimbilie pia kuzungusha skrubu ya kabureta. Skrubu hiyo huficha tundu kwa muda tu, na tundu hubaki pale pale.

Ndugu zangu, nimepata kuona kamati ya chama kimoja ikiombwa kuidhinisha fedha za kufungua injini nzima. Mjumbe mmoja mzee akaomba plagi zitolewe kwanza mbele ya kamati. Zote zilikuwa nyeupe. Kosa lilikuwa gasketi iliyokatika chini ya kabureta, na likamalizika siku ile ile.

Basi, Ndugu Katibu, kabla ya kupeleka gari kwa fundi, andika katika daftari la gari: kosa lilianza lini, huonekana injini ikiwa katika hali gani, na plagi zilikuwa na rangi gani. Fundi mwema atakushukuru, na asiye mwema atajua kwamba chama kina macho. Fedha za chama ni jasho la mkulima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi kwanza tuutafute ufa ulipo.