Baridi Iliyozidi: Mhadhara juu ya Hifadhi ya Insulini

Yeyote aliyepata kusimama Kiwanjani, Isiolo, saa nane mchana, mabati yakilia kwa joto na vumbi likitimka upande wa uwanja wa ndege, hatastaajabu akiambiwa kwamba mgonjwa wa kisukari wa mtaa huu huiogopa hari kuliko kitu kingine chochote, na kwamba chupa yake ya insulini huitafutia baridi kama mchungaji amtafutiavyo ngamia wake maji. Khofu hiyo ina haki yake. Lakini mimi leo nimekuja kuishitaki baridi.

Insulini ni katika jamii ya vitu ambavyo wanakemia huviita peptidi, yaani mikufu ya asidi amino. Yake ni miwili, mmoja wa pete 21 na wa pili wa pete 30, na aliyeisoma pete kwa pete hata akaimaliza ni Frederick Sanger wa Cambridge, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Nguvu ya dawa imo katika namna mikufu hiyo ilivyojikunja. Barafu ikifanyika chupani, mkunjo huharibika na mikufu hushikana mafundomafundo, wala kuyeyuka baadaye hakurudishi kitu. Ndiyo sababu chupa isiyofunguliwa huamriwa ikae baina ya nyuzi 2 na 8, mbali na friza na mbali na ukuta wa nyuma wa friji.

Nilipata kumchukulia marehemu mama dawa yake kutoka Nairobi, nimeifukia katika barafu tupu, nikafika kwa fahari. Alipoiinua mwangani tukaona chengachenga nyeupe zimegandamana na kioo mithili ya chumvi. “Hii haina kazi tena, baba,” akasema, akaitupa. Yeye hakuwa na friji. Chupa yake ilikaa ndani ya kikombe kikavu, na kikombe ndani ya mtungi wenye maji kidogo, nyuma ya mlango.

Mtungi ule niliudharau. Kumbe mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha uchunguzi uliotokana na kambi ya Dagahaley, huko Dadaab katika jirani yetu Garissa, ambako joto la makazi lilipimwa likipanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyowekwa maabarani katika joto hilohilo kwa majuma manne haikupungukiwa nguvu kwa kiasi cha kutia shaka.

Mtungi hupoa kwa kutoka jasho, na jasho hukauka upesi penye hewa kavu. Kwa hiyo wa Isiolo huushinda wa Mombasa, ambako hewa imekwisha kushiba maji. Sharti usipakwe rangi, na maji yaongezwe asubuhi na jioni. Nao ni wa chupa iliyokwisha kufunguliwa, kwa majuma manne tu. Akiba ya miezi mahali pake ni friji yenye kipimajoto. Mama, kwa kuwa maandishi ya chupa yalimshinda macho, tarehe aliiandika kwa mkaa juu ya kifuniko, akaifuta kwa kitambaa kibichi kila alipofungua chupa mpya.