Jamii katika Wikipedia ya Kiswahili: njia ya asiyelijua jina

Kuandika makala ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuiweka mahali ambapo msomaji ataikuta. Yafuatayo ni maandishi kamili ya mazungumzo ya juma hili.



Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ambayo kila mtu anaruhusiwa kuiandika na kuisahihisha, ilianzishwa mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza. Wanaoifuatilia hupenda kuuliza ina makala ngapi. Swali hilo lina maana yake, lakini leo naomba tuulize jingine: makala hizo zinafikiwaje na msomaji?

Wengi watajibu kwamba zinafikiwa kwa kutafuta. Ni kweli, kisanduku cha kutafutia kipo. Lakini kisanduku hicho kina sharti moja, nalo ni kwamba mtafutaji awe analijua jina la kile anachokitafuta. Sasa mfikirie kijana aliyezaliwa Leicester au Minneapolis. Amemsikia bibi yake akisema kwamba zamani Mombasa ilikuwa na washairi ambao tungo zao zilitumika hata katika ugomvi wa watawala. Kijana huyu hajapata kulisikia jina la Muyaka bin Haji. Ataandika nini katika kisanduku?

Msomaji wa namna hii ndiye anayehitaji kile ambacho wanawikipedia wa Kiswahili wamekiita jamii. Akiufungua ukurasa wa mshairi yeyote anayemjua, tuseme Shaaban Robert, atateremka hadi chini kabisa, na hapo ataona jina la kundi, kwa mfano Washairi wa Kiswahili. Akilibofya, ataletewa orodha ya washairi wote waliowekwa katika kundi hilo, na Muyaka atamkuta humo.

Jinsi inavyofanya kazi

Wiki ya kwanza, iliyowekwa katika intaneti na Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995, haikuwa na chombo maalumu cha kupangia kurasa. Watumiaji wake walikubaliana tu kuandika jina la kundi mwishoni mwa ukurasa, ili kurasa zinazolitaja jina hilo ziweze kupatikana pamoja. Mwaka 2004 programu inayoiendesha Wikipedia iliyageuza mazoea hayo kuwa sehemu yake rasmi.

Kwa mwandishi, kazi ni ndogo. Mwishoni mwa makala anafungua mabano mawili ya mraba, anaandika neno Jamii, nukta mbili, kisha jina la kundi, na kufunga mabano. Baada ya hapo kompyuta huiingiza makala katika orodha kwa mpangilio wa alfabeti, na hakuna anayelazimika kuiandika orodha hiyo kwa mkono.

Jamii nazo huwekwa ndani ya jamii kubwa zaidi. Mto Rufiji unawekwa katika Mito ya Tanzania, na Mito ya Tanzania ikawekwa katika Mito ya Afrika. Kanuni ni kuuweka ukurasa katika kundi dogo linaloufaa, nalo lile dogo likaubeba hadi kwenye kubwa. Mwandishi akiurundika Rufiji katika makundi yote ya juu, orodha zitafurika, kwani ukurasa wa jamii huonyesha majina 200 tu kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, ukurasa mmoja unaweza kuwa na jamii nyingi zisizo za ukoo mmoja. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuoni ajabu katika jambo hili. Neno kiboko lina sura ya ngeli ya KI-VI, lakini tunasema kiboko amelala, kwa upatanisho wa viumbe hai. Neno moja, milango miwili. Vivyo hivyo Ruvuma ni mto wa Tanzania na pia ni mto wa Msumbiji, kwa kuwa ni mpaka wa nchi hizo mbili. Kilimanjaro nao ni mlima, tena ni volkeno.

Nani akae na nani

Mpaka hapa mambo ni mepesi. Uzito unaanza tunapowapanga wanadamu.

Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840. Jina la Kenya lilikuja kuwa jina la koloni mwaka 1920. Je, tumwite mshairi wa Kenya? Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, akiwa raia wa Tanganyika huru, na Tanzania ikazaliwa mwaka 1964. Siti binti Saad alifariki Unguja mwaka 1950. Anayeandika Watu wa Tanzania chini ya majina haya hajafanya kosa kubwa, maana msomaji wa leo hutafuta kwa ramani ya leo. Lakini akiishia hapo ameyaficha mengi. Ni vyema aongeze Washairi wa Kiswahili, Watu wa Tanganyika, Waimbaji wa Zanzibar, kila mmoja kwa haki yake.

Au mchukue Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, mkazi wa Uingereza kwa miongo mingi, na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Ni mwandishi wa Tanzania? Ni wa Uingereza? Jamii haimlazimishi mtu kuchagua, na msikilizaji mwenye pasipoti ya nchi moja na moyo wa nchi nyingine ataelewa faida yake. Ila kuna jamii moja ambayo haimfai, nayo ni Waandishi wa Kiswahili, kwa sababu riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza. Tuitofautishe lugha ya mtu na lugha ya kazi yake.

Kwamba jambo hili si dogo lilidhihirika mwezi Aprili mwaka 2013. Mwandishi wa riwaya wa Marekani, Amanda Filipacchi, aliandika katika gazeti la New York Times kwamba katika Wikipedia ya Kiingereza wanawake walikuwa wakiondolewa mmoja mmoja kutoka kundi la waandishi wa riwaya wa Marekani na kupelekwa katika kundi la waandishi wa kike. Wanaume walibaki katika kundi kuu. Makala za wanawake hao hazikufutwa, lakini aliyeifungua orodha ya waandishi wa riwaya wa Marekani hakuwaona tena. Mabishano makali yalifuata.

Kiswahili kimetujalia neno mwandishi na neno mshairi yasiyobagua mume na mke. Tusije tukauharibu wema huo kwa kunakili mipango ya lugha nyingine bila kufikiri. Anayetaka kuunda jamii ya washairi wanawake na aiunde, maana wako wasomaji wanaoihitaji, lakini Mwana Kupona asiondolewe katika Washairi wa Kiswahili kwa ajili hiyo.

Tahadhari za lugha yetu

Ziko shida ambazo ni zetu wenyewe. Majina ya makundi ya watu katika Kiswahili huanza karibu yote kwa herufi moja: Waandishi, Wanasiasa, Wanamuziki, Wachezaji. Katika orodha ya alfabeti yote hurundikana chini ya W. Kwa hiyo yafaa jamii za juu zigawanywe vizuri, kwa nchi na kwa kazi.

Shida ya pili ni umoja na wingi. Mmoja akiunda Mto wa Kenya na mwingine Mito ya Kenya, orodha hupasuka vipande viwili. Tutumie wingi, na tutafute kwanza kabla ya kuunda. Kubadili jina la jamii baadaye si kazi ya mara moja, kwani kila ukurasa uliomo hubidi urekebishwe.

Shida ya tatu ni majina ya watu. Maktaba za Ulaya hupanga kwa jina la ukoo. Wikipedia hupanga kwa neno la kwanza la kichwa cha ukurasa, isipokuwa mwandishi ameagiza vingine. Siti binti Saad hana jina la ukoo, kwa hiyo akiwekwa chini ya Saad atakuwa amepangwa kwa jina la baba yake, jina ambalo hakuna atakayemtafutia. Abaki chini ya S ya Siti, alivyojulikana na watu wake.

Mpenzi msikilizaji, si lazima uwe mwandishi hodari ili uifanye kazi hii. Ufungue ukurasa wa mji wako, au wa mwimbaji umpendaye, uteremke hadi chini, uangalie kama upo katika jamii, na kama ni jamii inayoustahili. Usipokuwa nayo, uongezee. Ni kazi ya dakika mbili, na huenda kijana yule wa Leicester akaufikia ukurasa huo kwa njia uliyoifungua wewe.